Mtoto Asiyependa Mpira Naye ni Mtoto wa Taifa

Katika shule nyingi za msingi za Morogoro, kuanzia zile zilizo bondeni karibu na reli hadi zile zilizojishikiza katika mabega ya milima ya Uluguru, alasiri ya michezo huanza kwa namna moja. Watoto wawili walio hodari husimama mbele ya wenzao, nao huanza kuchagua timu, huyu mmoja na yule mmoja. Wenye mbio huitwa kwanza. Wenye misuli hufuata. Kisha huitwa marafiki, na baada yao wale wasio na sifa nzuri wala mbaya. Mwisho kabisa hubaki mtoto mmoja au wawili, macho chini, wakichora mchangani kwa kidole cha mguu. Hao hawachaguliwi, hugawiwa. "Basi mchukue wewe," asema nahodha mmoja, na mwenzake hukubali kwa shingo upande.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba tangu dunia iumbwe watoto wamekuwa wakichaguana na kuachana. Lakini atakayetafakari ataona kwamba mtoto huyo anafundishwa somo ambalo halimo katika muhtasari wowote wa elimu. Anafundishwa, kila juma na mbele ya mashahidi, kwamba mwili wake hauna faida. Haichukui muda mrefu kabla hajaanza kuumwa tumbo kila siku ya michezo. Mwalimu humwita mvivu, mzazi humwita legelege, naye mwenyewe huishia kuyaamini majina hayo. Hivyo shule iliyokusudiwa kumjenga huwa imembomoa, na imefanya hivyo katika kipindi kilichopewa jina la kujenga afya.

Swali linalojitokeza hapa ni hili: je, mtoto asiyependa mpira hapendi michezo, au hapendi mchezo ule mmoja tu aliowekewa mbele yake?

MPIRA HAUNA KOSA

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayeubeza mpira wa miguu, na hasa si katika Morogoro. Huu ndio mkoa ulioipa nchi timu ya Mseto, iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975. Ndio mkoa wa Mtibwa Sugar, timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari kule Turiani, iliyotwaa ubingwa huo miaka miwili mfululizo, 1999 na 2000. Uwanja wa Jamhuri umeona mengi ambayo wazee wa mji huu bado wanayasimulia vibarazani. Mpira umeunganisha watu wa makabila, dini na mitaa mbalimbali kuliko hotuba nyingi zilivyoweza.

Lakini hesabu ya mpira ni hesabu kali. Mpira mmoja huchezwa na watu 22. Darasa lenye watoto 60 likitoka uwanjani na mpira mmoja, watoto 38 ni watazamaji. Ni kweli kwamba mwalimu mwenye bidii anaweza kuwabadilisha kwa zamu, lakini siku ya mashindano ikikaribia zamu husahauliwa, na wale 11 walio bora ndio wanaofunzwa. Mtoto dhaifu, ambaye ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wote, ndiye anayeyapata kwa uchache kuliko wote. Kwa maneno mengine, mwenye nacho huongezewa, na asiye nacho huambiwa akae pembeni ashangilie.

Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alikosoa vikali mfumo wa shule uliotengenezwa kwa ajili ya wachache watakaochaguliwa kuendelea na masomo ya juu, huku walio wengi wakiachwa wajione kwamba wameshindwa. Hoja hiyo ilihusu darasa. Hata hivyo, hapana sababu ya kuizuia isivuke mlango wa darasa na kutoka nje hadi uwanjani. Ikiwa ni kosa kuwafanya watoto wengi wajione wameshindwa katika kusoma, haliwezi kuwa jambo jema kuwafanya wajione wameshindwa katika kutumia miguu na mikono waliyopewa na Mungu.

MWALIMU ALIYEKUWA MTOTO MNYONGE

Kuna michezo ambayo haina benchi la wachezaji wa akiba. Karate, judo na taekwondo ni mifano yake, na kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuiita michezo ya kujihami. Katika ukumbi wa michezo hiyo wanafunzi wote hupanga mistari, wote huanza pamoja na wote humaliza pamoja. Hapana anayesubiri kuchaguliwa. Mtoto hapimwi kwa kulinganishwa na mwenzake aliye hodari, bali hupimwa kwa kulinganishwa na yeye mwenyewe alivyokuwa mwezi uliopita. Jana hakuweza kusimama kwa mguu mmoja, leo anaweza. Rangi ya mkanda anaoufunga kiunoni ndiyo hati ya safari yake, na hati hiyo haiwezi kuchukuliwa na mfungaji wa mabao.

Historia ya judo yenyewe ni ushahidi. Mwanzilishi wake, Jigoro Kano wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa mtoto mwenye umbo dogo aliyeonewa na wenzake shuleni. Alitafuta walimu wa mieleka ya kale ya Kijapani ili ajifunze namna mtu mdogo anavyoweza kumwangusha mkubwa. Baada ya kujifunza alichuja yaliyokuwa ya hatari, akayapanga upya yaliyobaki, na mwaka 1882 akafungua ukumbi wake katika hekalu moja mjini Tokyo. Ukumbi huo ulikuwa na eneo la mikeka 12, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa tisa. Kano alikuwa mwalimu kwa kazi yake, akaja kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mwaka 1909 akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1964, mashindano ya Olimpiki yalipofanyika Tokyo, mchezo uliobuniwa na yule mtoto mnyonge ukachezwa mbele ya ulimwengu mzima.

Karate nayo ilipita njia ya shule. Ilikuwa sanaa ya siri ya kisiwa cha Okinawa hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mwalimu Anko Itosu alipoiingiza katika shule za kisiwa hicho kuwa zoezi la viungo. Alitunga mifululizo myepesi ya hatua, mapigo na vizuizi ambayo mtoto angeweza kuikariri na kuifanya peke yake bila kumgusa mtu. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba michezo hii ni ya mabaunsa na walinzi wa usiku wanapaswa kujua kwamba iliyoieneza ni mikono ya walimu wa shule.

JE, HUU SI UBINAFSI?

Hapa ndipo lilipo pingamizi zito, na haifai kulikwepa. Wako wanaodai kwamba michezo ya timu hufundisha umoja, na kwamba kumtoa mtoto katika timu na kumfundisha kushinda peke yake ni kumlea katika ubinafsi. Taifa lililojengwa juu ya misingi ya ujamaa, wanasema, halihitaji watoto wanaojitazama wenyewe.

Pingamizi hili lina heshima yake, lakini limejengwa juu ya kuuangalia mchezo kwa mbali. Anayeusogelea ataona kinyume chake. Judo haiwezekani kabisa kujifunza peke yako. Ili mtoto ajue kumwangusha mwenzake, sharti mwenzake akubali kuangushwa, si mara moja bali mara hamsini. Kisha zamu hubadilika, na yule aliyeangusha huutoa mwili wake uangushwe. Kila mmoja humkopesha mwenzake mwili wake, akiamini kwamba utarudishwa mzima. Ndiyo maana somo la kwanza si kuangusha bali kuanguka, na la pili ni kumshika anayeanguka asiumie. Moja ya misingi miwili mikuu ambayo Kano aliuwekea mchezo wake ni kufaidishana kwa wote, yaani wewe na mimi tuendelee pamoja. Je, hilo si ndilo neno ambalo wazee wetu walilisema kabla ya vitabu kuandikwa, kwamba mtu ni watu?

Umoja wa kweli haupatikani kwa kumtupa mtoto katika kundi lisilomtaka. Mtoto aliyegawiwa kama mzigo kwa timu hajifunzi ushirikiano. Anajifunza kwamba kundi ni mahali pa kuaibishwa. Huyo atakapokuwa mtu mzima ataukimbia ushirika, ataukimbia mkutano wa kijiji, na kila jambo la pamoja litamkumbusha alasiri zile za mchangani. Lakini mtoto aliyejijua kwanza, akajua kwamba anaweza kusimama imara, huingia katika kundi akiwa na kitu cha kuchangia.

Isitoshe, historia ya michezo ya Tanzania haiungi mkono dharau dhidi ya mchezaji wa peke yake. Medali mbili pekee ambazo nchi hii imewahi kupata katika Olimpiki, zote za fedha, zilipatikana Moscow mwaka 1980 kwa miguu ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, wakimbiaji na si timu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Titus Simba alirudi na medali ya fedha ya ndondi kutoka Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akaleta dhahabu ya ndondi kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Morogoro yenyewe imemtoa bondia Francis Cheka, ambaye jina lake lilivuka mipaka ya nchi. Hapana aliyewaita watu hao wabinafsi. Bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Watanzania wote.

SI MGENI KATIKA NCHI HII

Wako pia wanaoiona michezo hii kuwa kasumba ya kigeni iliyoletwa na sinema. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 filamu za Bruce Lee zilijaza kumbi za miji yetu, na vijana wengi walitoka humo wakirusha mateke barabarani. Lakini karate haikuingia Tanzania kwa mlango wa sinema peke yake. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970, wakati Dar es Salaam ilipokuwa kimbilio la wapigania uhuru na la watu weusi kutoka Marekani waliovutwa na siasa ya Azimio la Arusha, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kuwafundisha vijana wa jiji hilo karate ya mtindo wa Goju-Ryu. Ukumbi wa Zanaki ukawa chemchemi, na wanafunzi wa wanafunzi wake wameieneza nchini. Visiwani Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo kwa vijana wa mitaani, na kutokana na juhudi hizo Zanzibar imekuwa kitovu cha mchezo huo. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, miongoni mwa wawakilishi wachache wa Tanzania alikuwamo mchezaji wa judo, Andrew Thomas Mlugu.

Na hata kabla ya wageni hao, pwani yetu ilikuwa na kirumbizi, ambapo wawili hukabiliana kwa bakora huku ngoma ikipigwa, kila mmoja akishambulia na kujikinga kwa adabu na kwa mdundo. Watoto wa vijijini nao wamekuwa wakipigana mieleka na ngwala tangu enzi za mababu, wakicheka na kufuta vumbi. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anayejifunza kujihami hajavaa ngozi ya mtu mwingine. Amepewa utaratibu, mwalimu na usalama katika jambo ambalo babu yake alilijua.

Baadhi ya wazazi husita wanapoona watoto wao wakiinama mbele ya mwalimu, wakidhani kwamba hiyo ni ibada. Si ibada. Ni salamu, kama vile "shikamoo" ilivyo salamu. Mtoto humwinamia mwalimu kabla ya somo, na humwinamia mwenzake kabla ya kupambana naye na baada ya kupambana naye. Katika nyakati hizi ambapo wazee wanalalamika kwamba adabu imehama, mchezo unaoanza na kumalizika kwa heshima haupaswi kuogopwa.

MLIMA HAUNA UWANJA TAMBARARE

Kwa watoto wa Uluguru ipo hoja nyingine, ambayo mtu wa tambarare hawezi kuifikiria upesi. Kule Mgeta, Kinole, Tegetero na Matombo, ardhi tambarare ni haba. Mahali panapotosha uwanja wa mpira pangetosha mashamba ya kaya kadhaa, na mpira ukipigwa vibaya huteremka bondeni, mchezo ukasimama hadi atakayeufuata apande tena. Michezo ya kujihami haihitaji eneo hilo. Kano alianza na mikeka 12. Nafasi iliyo mbele ya darasa, iliyofagiliwa na kuondolewa mawe, inatosha watoto 30 kufanya mazoezi ya karate kwa wakati mmoja, wasichana kwa wavulana, bila mpira, bila magoli, bila viatu.

Tena watoto hao wanakuja na mtaji wao. Msingi wa michezo hii yote ni mizani ya mwili: kujua uzito wako uko wapi na mguu wako umekanyaga nini. Mtoto aliyezoea kushuka mteremko wenye utelezi wakati wa masika, ndoo ya maji kichwani au mkungu wa ndizi begani, amekwisha kujifunza nusu ya somo hilo bila kuambiwa kwamba ni somo. Huyo huyo anayeitwa legelege uwanjani huenda ndiye mwenye miguu imara kuliko wote njiani.

Wasichana wanastahili kutajwa peke yao. Binti anayetembea saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi, akipita vichakani na mabondeni, hahitaji kufundishwa kutafuta ugomvi. Anahitaji kufundishwa kupaza sauti, kujinasua mkono ulioshikwa, na kukimbia akiwa na akili zake. Zaidi ya hayo anahitaji kuamini kwamba mwili wake ni mali yake. Jambo hilo haliondoi wajibu wa jamii wa kumlinda, lakini linamwondoa katika kungoja tu.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Pamoja na hayo yote, haitakuwa haki kuyasifu mambo haya bila kuonyesha miiba yake. Kwanza, wako watu wanaojiita walimu ambao walichojifunza ni kupiga tu. Mtu wa namna hiyo akipewa watoto atawafanya wahuni wenye ujuzi. Sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967 haikutungwa kwa ajili ya mpira peke yake. Mzazi ana haki ya kuuliza kama klabu imesajiliwa, kama mwalimu anatambuliwa na chama chake, na kama yuko mtu mzima mwingine anayeshuhudia mafunzo. Pili, watoto wadogo hawapaswi kupigana kwa mapigo ya kichwa, wala kuangushwa mahali pagumu kabla hawajajua kuanguka. Tatu, isiwe biashara ya kuuza mikanda. Mkanda ulionunuliwa hauna tofauti na cheti cha kughushi, na watoto wa wakulima wasizuiwe kujifunza eti kwa sababu hawana vazi jeupe. Kaptula na fulana zinatosha.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: isilazimishwe. Milima ya Uluguru inalijua somo hili vizuri. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha wakulima wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya kwa yenyewe, lakini amri ilitolewa kwa fimbo na faini, na mwaka 1955 wananchi wakasimama na kukataa, hadi mpango wote ukaanguka. Binadamu hapendi kuswagwa, hata kuelekea kwenye faida yake. Itakuwa kichekesho basi kumwokoa mtoto katika mpira wa lazima na kumtia katika karate ya lazima. Afunguliwe mlango, aonyeshwe, kisha aachwe achague. Atakayependa mbio akimbie, atakayependa ngoma acheze ngoma, na atakayependa mpira aendelee na mpira wake kwa amani.

WAJIBU ULIOPO

Jambo linalotakiwa halihitaji fedha nyingi. Mkutano wa kamati ya shule unaweza kuliweka katika ajenda zake. Mkoa wa Morogoro una vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, vyenye vijana wengi kutoka pembe zote za nchi. Miongoni mwao hawatakosekana waliofuzu michezo hii, ambao wangeweza kutoa alasiri moja kwa juma katika shule iliyo jirani, chini ya usimamizi wa mwalimu wa michezo. Maofisa utamaduni na michezo wa wilaya wanaweza kuwakagua na kuwaorodhesha. Walimu nao wanaweza kuanza kesho asubuhi, bila kungoja waraka, kwa kuiondoa ile desturi ya manahodha wawili kuchagua wenzao hadharani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia kila mtoto haki ya kucheza. Neno lililotumika si "mtoto hodari" wala "mtoto mwenye mbio". Ni mtoto. Yule aliyebaki wa mwisho mchangani, akichora kwa kidole cha mguu, naye amo katika neno hilo. Udongo huuwahi ungali maji. Akipewa mahali pa kusimama leo, hata kama ni kipande kidogo cha ardhi iliyofagiliwa mbele ya darasa, kesho atasimama mwenyewe, na huenda akawa yeye atakayemshika mwenzake asianguke.